Diski Isiyozunguka

Kuna swali moja ambalo Ngatia hajalipatia jibu mpaka leo, ingawa amewauliza mafundi wenzake kutoka Nyeri hadi Murang'a: kitu kisicho na chochote kinachozunguka ndani yake kinawezaje kulia?

Diski ya zamani ya kompyuta ina sahani inayozunguka na sindano inayopita juu yake kusoma. Ikizeeka hugonga na kukwaruza, na fundi akiisikia anajua imekaribia kufa. SSD, diski ya kisasa, haina sahani wala sindano. Ni kibao chembamba chenye vipande vyeusi vilivyobandikwa, kimya kama biskuti. Ngatia aliifungua ile ya Watiri kwa mikono yake, mchana, mlango wa duka ukiwa wazi, akaona vipande vinne vyeusi na hakuna kingine. Akiwa bado ameishika kiganjani, bila waya, bila umeme, ikalia. Kak.

Watiri alikuwa amekuja dukani mara ya kwanza mwezi wa Julai, siku zile ambazo ukungu huteremka Nyeri asubuhi na kukataa kuondoka, na mlima unakuwa kitu cha kuambiwa tu kwamba kiko. Duka la Ngatia liko ghorofani, juu ya duka la mbegu. Yeye hukaa nyuma na bisibisi zake. Mkewe Phyllis hukaa mbele, akichapisha karatasi za watu na kuuza vifuniko vya simu. Watiri alikuwa akisomea uuguzi pale mjini. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimefungwa kwenye kijiti kwa plasta.

"Fundi, hii laptop yangu imechoka," alisema. "Nikiiwasha naenda kuoga, narudi, bado inajifikiria."

"Githeri inaiva kabla yake," Phyllis alisema.

"Hata ile ya maharagwe makavu, mama."

Ngatia aliinamisha sikio juu ya kibodi. Diski ilikuwa ikigonga, polepole, kama mtu anayebisha mlango akijua watu wako ndani.

"Diski inakufa," alisema. "Tukuwekee SSD. Itakuwa kama mpya. Mimi huweka mfumo mpya kabisa, halafu nahamisha kazi zako peke yake. Takataka ya zamani inabaki huko."

"Hapana, fundi. Niwekee kila kitu vile kiko. Niko na programu za chuo hapo ndani, sijui nitazipata wapi tena. Sitaki kuanza upya."

Ngatia alisita kidogo, kwa sababu si desturi yake. Kunakili namna hiyo huchukua diski nzima, hata sehemu zinazoonekana tupu, hata zile ambazo mtu alifuta zamani akadhani zimekwisha. Lakini mteja ndiye mwenye mali, na hakuna fundi ambaye angekataa.

"Na kidole?" Phyllis aliuliza.

"Mlango wa hosteli. Hata haukunigonga vizuri. Nilisikia tu kimelia."

Kazi ya kunakili ilichukua siku nzima. Ilikuwa ikienda vizuri, kisha inasimama, diski ya zamani inagonga, kisha inaendelea. Alasiri Phyllis akainua kichwa.

"Baba Wangui," alisema, maana alimwita mumewe kwa jina la binti yao, "unachoma nini huko?"

"Sichomi kitu."

"Kuna kitu kinaungua."

Ngatia alichomoa kila waya. Aligusa chaja, ilikuwa baridi. Aligusa diski, ilikuwa baridi zaidi. Harufu ilikuwa ya mpira, mpira mzito kama wa gurudumu, na chini ya mpira kulikuwa na harufu nyingine kama ya nywele, ambayo wote wawili waliitambua na hakuna aliyeitaja. Wakafungua dirisha. Ukungu uliingia lakini harufu haikutoka. Aliporudisha waya, kazi iliendelea kutoka pale ilipoachia, kana kwamba ilikuwa ikimsubiri, na ilipomalizika diski ya zamani ilikwaruza mara moja, kwa muda mrefu, na haikuzunguka tena kamwe.

Watiri alipokuja kuchukua laptop, iliwaka kabla hajamaliza kuvuta kiti. Akacheka, akaizima, akaiwasha tena ili acheke tena. Aliitia kwenye begi, akaliweka begani, akaaga. Alikuwa amefika mlangoni wote watatu waliposikia kutoka ndani ya begi sauti moja kavu, kama ukuni unaovunjwa kwa goti.

Watiri alisimama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Hakulia mara moja. Aliutazama mkono kama kitu ambacho mtu amempa amshikie kidogo.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, mkono ukiwa kwenye plasta, akitembea kwa uangalifu wa mtu aliyevunjika mbavu. Laptop alikuwa ameifunga kwa shali kama mtoto.

"Inapiga kelele, fundi."

"SSD haipigi kelele, Watiri."

"Basi isikilize wewe." Aliketi polepole kwenye stuli. "Daktari anasema nikunywe maziwa. Lakini mimi najua. Ikilia, navunjika. Hata zamani ilikuwa inalia, ni vile ilikuwa pole. Kidole tu. Sasa tangu uiharakishe..."

Hakumaliza, na hakusema kwa kumlaumu. Lakini Ngatia aliyachukua maneno hayo na bado anayo.

Aliinua laptop, akanusa. "Hii ni nini, mafuta?"

"Mchungaji aliipaka upako. Daddy alimwita. Anasema ni majini, ati yametoka Mombasa na roommate wangu."

"Majini ya Mombasa, kwa hii baridi?" Phyllis alisema. "Yangefika Sagana yakarudi."

Watiri alijaribu kucheka, akashika ubavu.

Ngatia alianza na mambo mepesi, kama fundi yeyote. Alitoa feni, kwa maana feni hugonga. Alichomoa spika. Alitoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, akaisugua meno kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Alibadilisha kebo ya diski. Kila alipotoa kitu alingoja, na alikuwa ameanza kuogopa kungoja, kwa sababu hakujua tena kama alikuwa akitafuta hitilafu au akimtesa msichana. Mwisho alitoa betri. Akatoa SSD yenyewe, akaifungua ganda. Ndipo ilipolia kiganjani mwake, na Watiri, nyuma yake, akasema "uuh" kwa sauti ndogo, akakunja mguu. Kilikuwa kidole cha mguu.

Kisha kioo cha laptop kikawaka.

Hakukuwa na betri wala diski. Chaja ilikuwa imelala mezani, waya wake umezungushwa. Kioo kilionyesha ule ukurasa wa kuingilia ambao huwa na picha ya mwenye mashine, na picha haikuwa ya Watiri. Ilikuwa ya kijana mwenye shati jeupe na masikio makubwa, anayetabasamu upande mmoja kama mtu aliyeombwa atabasamu. Chini yake paliandikwa Mwai.

"Huyo simjui," Watiri alinong'ona. "Laptop ni ya daddy. Alinipa nikiingia chuo."

Phyllis alikuja kutazama. Akakaa chini, pale pale sakafuni.

Taa ndogo ya kamera ikawaka juu ya kioo, picha ya kijana ikaondoka, na badala yake wakaliona duka lao, wakamwona Ngatia ameinama na ganda la SSD mkononi, wakaiona kofia ya sufu ya Phyllis, wakamwona Watiri kwenye stuli na mkono wake mweupe wa plasta, na nyuma ya Watiri, mahali ambapo walipogeuka hawakuona ila ukuta na kalenda, walimwona mtu amesimama karibu naye sana, mweusi kwa namna ambayo ngozi haiwi nyeusi, shati limeshikana na kifua, kichwa kimeinamishwa juu ya bega la msichana kama mtu anayesoma anachoandika mwenzake, na harufu ya gurudumu ikajaa duka mpaka machozi yakawatoka.

Ngatia akafunga kioo.

"Mama Wangui," alisema taratibu, "wewe unamjua."

Phyllis alikulia Kutus. "Ni kijana wa Waithira," alisema, sauti yake ikiwa chini sana. "Yule mama wa mchele. Alikuwa anatengeneza kompyuta akizunguka, Kutus leo, Sagana kesho. Walisema ameiba laptop. Wakamchoma kwa gurudumu pale Sagana, karibu na steji ya matatu." Akapangusa macho. "Na mama yake alikula kiapo cha thenge."

Watiri alikuwa amesikia neno hilo kwa nyanya yake na kulichukulia kama mambo ya kale. Thenge ni beberu. Mwenye kulalamika humleta mbele ya wazee, akachukua jiwe, akamvunja mfupa mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mfupa husema: aliyesema uongo juu ya jambo hili avunjike hivi. Kiapo hicho hakimtafuti mwongo peke yake. Huanza na watoto wake. Na hakina haraka, husemekana kwamba hungoja misimu ipite.

Hiki kilikuwa kimepewa kitu cha kukiharakisha.

Baba yake Watiri aliitwa Moffat. Alikuwa na duka la simiti na mabati Sagana, mzee wa kanisa, mtu mpole asiyepandisha sauti hata kwa wachukuzi wake. Alipigiwa simu, akafika dukani siku hiyo hiyo, kofia mkononi. Ngatia alimweleza yote, kisha akamuuliza kama alimjua kijana aliyeitwa Mwai.

"Mwai?" alisema Moffat. "Hapana. Simjui."

Kak.

Watiri alianguka kutoka kwenye stuli. Ulikuwa mfupa wa bega, na safari hii alipiga kelele.

Moffat alimshika, na akiwa amempakata hapo sakafuni alisema bila kumtazama mtu. "Laptop yangu ilikuwa imepotea. Nikamwona kijana pale steji na moja kama hiyo, rangi hiyo, hata imekwaruzika kwa kona. Niliita tu. Neno moja. Sikumgusa."

"Na yako?" Ngatia aliuliza.

"Ilikuwa nyuma ya kiti cha pickup. Iliteleza chini ya magunia. Niliipata baada ya mazishi."

"Ukaipeleka wapi?"

"Niliitupa mtoni. Hii ya kijana watu walikuwa wamenipa siku ile ile, hata wakaipangusa. Ningesema nini, fundi? Alikuwa ameshakufa."

Si vigumu kumwelewa. Kosa la kwanza lilikuwa la macho, na macho ya kila mtu hukosea. La pili lilikuwa la kunyamaza, na kunyamaza huwa rahisi zaidi kila siku inayopita, mpaka mtu anakaa ndani yake kama ndani ya nyumba yake.

"Daddy," Watiri alisema, meno yakigongana. "Ukanipa mimi."

"Nilifikiri ukisoma nayo, itakuwa imepata kazi nzuri."

Moffat akawapakia wote kwenye pickup yake, wakampata Waithira mbele ya stoo yake Kutus, ameketi kwenye kreti, uteo umejaa mchele magotini. Alikuwa akichagua mawe. Hakuinuka. Aliwatazama wakishuka kwenye pickup, akamtazama Watiri ambaye hakuweza kushuka.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Sikujua kama mtakuja na gari ama na jeneza."

Moffat alipiga magoti kwenye vumbi.

"Simama, mzee. Mwanangu pia alipiga magoti."

Moffat akasimama. Alimwambia kila kitu, hata lile la mtoni. Vidole vya Waithira viliendelea kupita kwenye mchele, vikitoa jiwe, vikiliweka kando, vikitoa lingine.

"Nakuomba ukiondoe," Moffat alisema. "Si kwangu. Kwa msichana."

"Beberu ana mifupa mingi. Niliivunja yote, mkono huu ukaniuma. Unafikiri naweza kuirudisha?"

"Mama Mwai," Phyllis alisema, "yeye hakufanya kitu."

"Sikumchagua. Niliapa nikiwa sijui mwenye mdomo ni nani. Kiapo kilipata mlango wa nyumba, kikaingia."

Aliweka uteo chini, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha uji. Alienda mpaka kwenye pickup na kumnywesha Watiri mwenyewe, kwa sababu mikono ya msichana haikuweza. Hakutabasamu. Alimpangusa kidevu kwa ncha ya leso, kisha akarudi kwenye mawe yake.

"Thenge hairudishwi," alisema. "Lakini inaweza kuonyeshwa mwenye kosa. Siku ya soko utasimama pale ulipoita. Utaita tena, kwa sauti ile ile, lakini ukweli. Halafu utaipiga hiyo diski kwa jiwe mpaka inyamaze. Kila pigo litakuwa lako."

"Na ikikataa kunyamaza?" Ngatia aliuliza.

"Utaendelea. Sagana mawe hayakosekani."

Siku ya soko, jua lilikuwa limetoka na ukungu ulikuwa umebaki juu, upande wa mlima. Moffat alisimama karibu na steji, bila kofia, na sauti ambayo hakuwahi kuipandisha ila mara moja ikapanda.

"Mwai wa Waithira hakuiba. Laptop ilikuwa yake. Nilikosea, halafu nikajua, halafu nikanyamaza."

Wanawake wa nyanya waliacha kupanga nyanya zao. Kulikuwa na wanaume pale ambao walikuwepo siku ile pia, na kila mmoja alipata kitu cha kufanya na mikono yake. Fundi wa pancha alichukua gunia akafunika magurudumu aliyokuwa ameyapanga nje. Huenda wengi wao pia walikuwa wakilala na maneno hayo usiku.

Ngatia aliiweka SSD juu ya ukingo wa karavati, pale maji yanapopita chini ya barabara. Moffat akachukua jiwe la mtoni, akapiga, na sauti iliyotoka haikutoka kwenye diski, ilitoka ndani ya mkono wa koti lake, na akapiga tena, ganda likapasuka na kiwiko chake kikalegea, na akapiga tena akiwa amefumba macho, na vipande vyeusi vikaruka kimoja kimoja, na mkono wa kulia ulipokataa kuinuka alilihamishia jiwe mkono wa kushoto, akapiga, na kila mara watu waliokuwa karibu walirudi hatua nyuma kwa sababu walisikia, na kila mara alitazama pickup ambamo binti yake alikuwa ameketi, na kila mara binti yake alikuwa mzima, mpaka mkono wa kushoto nao ukaanguka na jiwe likabingirika chini.

Kipande kimoja kilikuwa kimebaki juu ya karavati, kidogo kama ukucha. Kililia. Kak.

"Bado," Waithira alisema.

"Siwezi, Mama Mwai." Alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili imelala kando yake kama ya mtu mwingine.

"Naona."

Ngatia aliinama kuchukua jiwe. Waithira aliusukuma mkono wake. "Wewe hukumzaa Mwai," alisema.

Ikaamuliwa hapo hapo, bila mzee yeyote kuulizwa, kwamba mfupa uliobaki ni taya, lile lililoita. Moffat alimtazama binti yake mara ya mwisho akiwa na uwezo wa kumwita jina, akasema "Watiri," kisha akatikisa kichwa kukubali. Aliyeliinua jiwe alikuwa Waithira. Alipiga mara moja tu. Kipande kikanyamaza, na taya la Moffat halijafunguka tena.